Kadi Shingoni mwa Mtungi

Kaka yangu hana nyusi. Zile unazoziona ni wanja. Shemeji humchora kila asubuhi kabla hajatoka kwenda kazini, na siku wakigombana humchora moja juu, nyingine chini, basi kaka anazunguka mji mzima kama mtu aliyeshangaa nusu.

Nyusi zenyewe ziliondoka na moto, jikoni kwa mteja. Nitaeleza.

Tunafanya kazi kwenye duka la gesi ya kupikia. Duka ni la mama mdogo, anayemfuata mama yetu kuzaliwa, na mtaa mzima wanamwita Mama Mitungi. Mimi niko stoo: napokea mitungi, mitupu na iliyojaa, nakagua shingo, nabadilisha zile pete za mpira zilizochoka, nafuta, napanga. Wananiita Kiherehere kwa sababu siwezi kukaa kitako dakika tano. Kaka anawapelekea wateja mitungi kwa pikipiki, yeye na wenzake watatu. Yeye wanamwita Njiti. Watu wanadhani ni kwa sababu ya wembamba. Si wembamba.

Akifika kwa mteja, anafunga regyuleta, kile kifaa cha kuunganisha mpira wa jiko, kichwani mwa mtungi, anafungua gesi, halafu anatoa kibiriti kwenye mfuko wa shati. Anawasha njiti, anaizungusha taratibu pale pale gesi inapoweza kuvuja. Moto usipodaka, anainua mikono juu kama mtu aliyefunga goli.

"Mnaona? Hauvuji!"

Wateja wanapiga makofi. Wapeleka gesi wote wa huku kwetu wanafanya hivyo, hakuna anayejua nani alianza. Kuna wateja mtungi bila njiti hawapokei kabisa. Ukifikiria vizuri, ni sawa na kupima kama mbwa ni mkali kwa kumvuta mkia. Lakini nani alikuwa anafikiria?

Siku ya nyusi, moto ulidaka. Ukala pazia, ukala nyusi, ukala na nywele za mbele. Bahati mkono wa kaka ulikuwa bado juu ya regyuleta, akafunga. Akarudi dukani ananuka kama kuku aliyebabuliwa, anacheka.

"Lile pazia lilikuwa baya hata hivyo," akasema.

Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi jioni nikampitia shemeji. Nikamkuta kakaa kitandani, tumbo lake la miezi sita mbele yake, anachonga kalamu ya wanja kwa wembe. Hakuinua macho.

"Kiherehere," akaniambia, "nyusi nitachora. Uso mzima sitaweza."



Kesho yake nikamwambia kaka, acha mambo ya njiti. Nilimwambia kwa adabu, na mimi adabu huwa sina nyingi. Akaniangalia kwa zile nyusi mpya.

"Wewe nani? Nilikubeba mgongoni ukanikojolea. Leo unifundishe kazi?"

Ndiyo imeisha hapo. Mdogo hana la kumwambia mkubwa, hata kama mkubwa anaungua. Mama mdogo naye akawapanga mstari wote wanne akafoka mpaka sauti ikakauka. "Sawa Mama, sawa Mama." Walipokata kona tu, habari ni zile zile. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi nikawaza: karatasi. Karatasi haina umri. Hakuna anayeweza kuiambia karatasi "nilikubeba mgongoni".

Nikaandika jioni tatu mfululizo, kurasa tisa. Ukurasa wa kwanza nikaweka kichwa: "Utangulizi. Gesi ni nini?" Nikaeleza inatoka wapi, inasafirishwaje, mtungi unatengenezwa kwa chuma gani, sehemu za mtungi na majina yake. Nilianza hivyo kwa sababu vitabu vyote nilivyokutana navyo shuleni vilianza hivyo. Nikasahau kwamba vitabu hivyo hivyo ndivyo vilivyonifanya niondoke shuleni mapema. Habari ya njiti ilikuwa ukurasa wa nane. Niliona lazima mtu aive kwanza ndipo umpe.

Nikaenda kutoa kopi kwa Dada Kopi. Huyu ana kibanda cha fotokopi kando ya kinyozi, mashine moja ya zamani, kifuniko chake kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Alihesabu kurasa, akanitazama, akabonyeza.

Nikawagawia wote wanne. Kaka akakipokea kijitabu kwa mikono miwili kama cheti.

Baada ya siku mbili nikamuuliza, "Umesoma?"

"Kizuri sana, dogo. Umeandika kama profesa."

"Umejifunza nini?"

"Kwamba gesi…" Akakuna shingo. "Yaani kwa kifupi, ni gesi."

Mwenzake mmoja, mrefu, alikuwa amekikunja chake mara nne, akakiweka chini ya mguu wa benchi. Benchi likaacha kuyumba, kwa hiyo siwezi kusema hakikusaidia. Nikakiokota cha kaka kwenye boksi la pikipiki. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama za vidole vyenye grisi. Wa pili ulikuwa na alama ya kidole kimoja. Kuanzia wa tatu, safi kabisa, mpaka zile kurasa zilikuwa bado zimeshikana.

Nikarudi nacho kwa Dada Kopi. Sijui kwa nini kwake. Labda kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa hajanisifu.

"Habari ya njiti iko ukurasa wa nane?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na kabla yake kuna nini?"

"Maelezo."

"Nyumba yako ikishika moto, Kiherehere, utakuja kunigongea unisimulie kwanza asili ya moto?"

Akavuta droo, akatoa rundo la karatasi, akachomoa moja imechakaa, ina duara la kikombe cha chai katikati.

"Hii ni maelekezo ya kujaza ile fomu ya kuomba maji. Aliiandika karani mmoja, hata jina lake silijui. Sikia inavyoanza: 'Chukua kalamu nyeusi.' Basi. Mtu anachukua kalamu nyeusi, tayari ameshaanza! Hii imerudi kwangu mara nyingi mno. Imelowa, imechanika, mtu anasema dada nitolee nyingine." Akachomoa ya pili, nyeupe, imenyooka. "Hii ya bwana mmoja ana elimu yake. Alitoa kopi mia. Sijamwona tena, wala yeye, wala karatasi yake. Mimi hapa sisomi mambo ya watu, lakini najua ipi inasomwa. Inayosomwa hurudi imechoka."

"Yangu itarudi?"

"Yako imeenda kushika benchi."

Kumbe habari zilikuwa zimemfikia.

"Umewahi kumwona kaka yako akiifanya hiyo kazi?" akauliza.

"Naijua kazi yake."

"Sikukuuliza kama unaijua. Umemwona?"

Sikuwa nimemwona. Mimi ni mtu wa stoo.

Kesho yake nikaomba ruhusa kwa mama mdogo, nikapanda nyuma ya pikipiki, mtungi katikati yetu. Nyumba ya kwanza alikuwa mwanaume mmoja wa fulana, kashika rimoti. Kaka akafunga regyuleta, akafungua gesi, akajipangusa mikono aondoke. Nakuambia ukweli, kibiriti hakukigusa. Alikuwa ananionea aibu.

"Aa, vipi?" yule wa fulana akasema. "Njiti iko wapi? Au leo umeniletea mbovu?"

Kaka akanitazama. Kisha akatoa kibiriti. Mimi nikajikuta mwili uko ndani, miguu iko nje ya mlango.

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, mama mmoja aliita mpaka watoto waje kuangalia.

Hapo ndipo kitu kikaniingia akilini. Miezi yote nilikuwa nadhani kaka anawasha kwa ukaidi. Anawasha kwa sababu anaombwa. Na wanaomba kwa sababu gesi haionekani. Mtu kaletewa chuma kizito, anaambiwa ndani kuna kitu, ni salama, asante, kwaheri. Anataka aone kitu chochote kwa macho yake. Njiti inampa cha kuona. Mimi nilimwandikia kaka kurasa tisa, na mtu mwenye shida hata hakuwa kaka.

Na jambo lingine: dakika ile hakuna mtu anasoma kitu. Macho yote yako sehemu moja, pale shingoni mwa mtungi. Kama una neno la kusema, neno likae pale pale.

Nikarudi nimechangamka. Nikabuni kadi ngumu, saizi ya kiganja, za kufunga kwa uzi shingoni mwa kila mtungi. Maneno nikayaondoa yote. Nilisema nimeshajifunza, watu hawataki maneno mengi. Nikaweka sifuri. Nikachora picha tu: shingo ya mtungi, kando yake njiti inawaka, na juu ya njiti nikapiga X kubwa kwa kalamu ya njano, zile za kung'arisha maandishi. Iling'aa mpaka macho yakauma. Nikajipigia saluti.

Kwa Dada Kopi kulikuwa na foleni ya wanafunzi. Akaniwekea kwenye mashine huku anazozana na mtu mwingine, akanipa kopi mia. Nikakata, nikafunga kwenye mitungi. Sikuangalia. Mtu haangalii kitu alichochora mwenyewe, anaona kile alichokusudia.

Saa kumi kaka akarudi anapiga honi tangu kona.

"Dogo! Leo umenishika mkono!"

"Kivipi?"

"Wateja wote! Hata wale ambao hawakuwa wanaomba! Kuna bibi yule wa ghorofa ya nne, mpole, haniambiagi kitu. Leo ananiambia, kijana, mbona huwashi, na kadi inasema uwashe? Kaniwashisha mara mbili!"

Nikachukua kadi mkononi. Mtungi upo. Njiti ipo, inawaka vizuri sana, mimi najua kuchora moto. X hakuna. Ile mashine haioni njano.

Kadi arobaini na kitu zilikuwa zimeshatoka. Nilikimbia. Sikumbuki hata nilivyopanda pikipiki. Mama mdogo alifunga duka, akapanda gari la mizigo, tukagawana mitaa, nyumba kwa nyumba: samahani mama, samahani mzee, naomba hiyo kadi. Tulipokutana tena dukani, mama mdogo akaketi juu ya mtungi mtupu, kavua viatu.

"Miaka kumi na moja," akasema, "natafuta nani alianzisha huu ujinga wa njiti. Kuanzia leo wateja watasema ni wewe."

"Mama mdogo, naacha."

"Unaacha nini?"

"Kuandika."

"Uache, kazi umwachie nani? Umewafundisha kuwasha, utawafundisha kuacha. Nyoosha mguu uende, kadi mbili zimebaki kwa fundi viatu."

Dada Kopi alicheka mpaka akaishika mashine. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Kosa langu pia, sikuangalia," akasema. "Lakini nikuambie kitu. Hata X ingeonekana, bado umemchorea mtu njiti. Mtu ameangalia mtungi, ameona njiti. Jicho linaondoka na njiti, X linaiacha mlangoni."

"Sasa nichore nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi natoa kopi."

Nikarudi stoo na hasira. Mtungi wa kwanza uliojaa nilioupokea, nikachukua sponji kwenye ndoo ya sabuni, nikapaka povu shingoni, nikaangalia. Ndiyo kazi yangu, mara mia kwa siku: povu likitulia, mtungi mzima. Kukiwa na tundu hata la sindano, kipovu kinajitokeza, kinakua, kinakua, kinapasuka, kinakuja kingine.

Nikabaki nimeshika sponji, maji yananichuruzika mpaka kiwikoni.

Kila siku nilikuwa na sinema nzuri kuliko ya Njiti, nimeifungia stoo.

Safari hii niliandika kadi nne ndogo kwenye uzi mmoja. Huifikii ya pili mpaka uigeuze ya kwanza. Na sikumwandikia kaka. Nilimwandikia yule anayetaka kuona. Njiti sikuitaja popote, wala kuchora, wala kukataza. Kabla ya kopi hata moja, nikampelekea shemeji, nikampa mtungi na kadi, nikafunga mdomo. Kwangu mimi kufunga mdomo ni kazi ya kulipwa.

Akasoma kwa sauti: "'Paka povu shingoni.' Shingoni kwangu?"

"Shemeji!"

"Si umeandika wewe?"

Nikaandika upya: pale regyuleta inapokutana na mtungi. Kwa mama mdogo ikakwama sehemu nyingine: alipaka povu kabla gesi haijafunguliwa, akaridhika, akaondoka. Nikaandika upya. Dada Kopi alihesabu mpaka kumi kwa haraka kama anafukuzwa, hakuona kitu. Nikaandika upya: hesabu kama unamhesabia mtoto. Kila aliyekosea, nilitamani kumwambia wewe huna akili. Lakini kama watu watatu wenye akili wanakwama kwenye kadi zile zile, basi shimo liko barabarani, si miguuni mwao. Mara saba niliandika kadi zile nne. Mwisho zikawa hivi.

Ya kwanza: "Wewe uliyenunua mtungi huu. Kabla aliyekuletea hajafungua gesi, lete kikombe chenye maji na sabuni ya vyombo. Koroga mpaka povu. Ukishaleta, geuza."

Ya pili: "Jiko lizimwe. Mwambie afungue gesi. Sasa paka povu pale regyuleta inapokutana na mtungi. Paka wewe, si yeye. Ukishapaka, geuza."

Ya tatu: "Tazama povu. Hesabu mpaka kumi kama unamhesabia mtoto. Limetulia? Mpe mkono. Kuna kipovu kinakua? Umemkamata. Afunge gesi hapo hapo."

Ya nne: "Akibadilisha pete ya mpira, rudia mwanzo. Asiondoke mpaka povu litulie."

Safari hii kopi ya kwanza niliikagua dirishani, mbele na nyuma, Dada Kopi kasimama nyuma yangu anakagua ninavyokagua.

Kaka alikasirika. "Sasa kazi yangu mimi ni nini? Kusimama kama mgeni wa harusi?"

"Nichukue tu," nikamwambia. "Mtungi wa kwanza nitakubebea mimi."

Wa kwanza ulikuwa wa yule bibi wa ghorofa ya nne. Mtungi umejaa, ngazi hazina taa, nikajuta kwa kila ngazi. Ndani chumba cha pili kulikuwa na sauti za watoto wanagombania kitu. Bibi akatusalimia, akamwangalia kaka mfukoni.

"Leo huwashi?"

Mkono wa kaka ukapanda kwenye shati. "Kama unataka, bibi."

Nikaona vidole vyake viwili vimeshaingia mfukoni.

"Ngoja," bibi akasema, "kuna kadi hapa inaniita mimi."

Akavaa miwani. Alisoma kama hakimu, kidole kinafuata mstari. Akaenda kukoroga povu, akarudi na kikombe kilichojaa kuliko nilivyosema. Kaka akafungua gesi. Bibi akampiga kaka kofi dogo la mkono alipotaka kusaidia.

"Imeandikwa nipake mimi. Hujui kusoma?"

Akapaka. Akaanza kuhesabu, taratibu, na kichwa kinatikisika. Moja. Mbili. Tatu. Kaka alikuwa ameegemea mlango, mkono umerudi mfukoni kwenye kibiriti, anapumua kwa pua kama mtu anayepotezewa muda. Nne. Tano.

Ilipofika sita, kitu kikavimba pembeni ya regyuleta. Kidogo, kama kichwa cha pini. Kikawa kama punje ya mahindi. Kikawa kama jicho la chura, kinang'aa rangi rangi, kinatuangalia wote watatu. Kikapasuka. Kikaanza kingine.

"Kijana," bibi akasema, na furaha yote ya dunia iko usoni kwake, "nimekukamata!"

Kaka aliinama mbele, akatazama kile kipovu kwa karibu, karibu mno, na zile nyusi zake za wanja. Nadhani hakuwahi kuona kitu kama kile. Miaka sita anapeleka gesi, anauza hofu na kusifiwa ushujaa, na gesi yenyewe hakuwahi kuiona ikitoka. Mkono ukatoka mfukoni polepole, kama mtu anayetoa mguu karibu na nyoka. Akafunga gesi. Akaenda dirishani akalifungua lote, akarudi akafungua na mlango. Hakuna aliyemwambia. Akatoa pete mpya, akabadilisha.

"Rudia," bibi akamwamuru, anagonga kadi ya nne kwa ukucha.

Wakarudia. Moja mpaka kumi. Povu likatulia kama maziwa. Bibi akampa mkono, kama ilivyoandikwa, na watoto wakaja mlangoni wakataka na wao wapake.

Tulishuka ghorofa nne. Chini, kaka akashika pikipiki, hakuiwasha.

"Wale watoto," akasema, "walikuwa chumba cha pili tu."

"Ndiyo."

"Dogo."

"Naam."

"Usimwambie shemeji yako."

Sikumwambia. Kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza bila kulazimishwa.

Sitakudanganya kwamba mji wote umeokoka. Yule mrefu bado anawasha kwa wateja wasiojua kusoma, na hao sijapata njia yao. Nawaza labda picha, na ukisikia nimechora, ujue nimeikagua dirishani. Lakini wateja wengi sasa, ukiingia na mtungi, kikombe cha povu kinakusubiri mezani. Wanapenda. Wanashindana nani kamkamata nani. Mama mmoja kampigia mama mdogo simu kulalamika kwamba mtungi wake hauvuji hata kidogo, yeye hajawahi kukamata mtu.

Kaka hakunishukuru. Mkubwa hashukuru. Nilimtazama kila asubuhi mfuko wa shati: kibiriti kipo pale pale, kimechomoza kona. Nikadhani bado anawasha.

Wiki ya tatu Dada Kopi akaniita kwa kidole, tokea ndani ya kibanda.

"Imerudi."

"Nini?"

Akaweka kadi zangu juu ya kaunta. Zimelowa zikakauka, zimejikunja, zina alama za sabuni, ya tatu imechanika ikaungwa kwa gundi ya karatasi. Na juu kabisa ya ile ya kwanza, kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, kuna maneno yameandikwa kwa nguvu mpaka kadi imetoboka: DIRISHA KWANZA. Halafu mshale.

"Nani kaleta?"

"Mtu mmoja mwembamba. Kanifokea hapa kama mimi ndiye niliyeandika. Anasema huyo mwandishi wenu katuwekea gesi inafunguliwa, watu wanahesabu mpaka kumi, na madirisha yote yamefungwa. Anasema mtu akifungua dirisha baada ya kukamata, amechelewa. Anataka ianze hiyo, halafu nimtolee mia mbili."

Nikaisoma tena. Alikuwa na haki. Mwandishi wa mara saba, shemeji, mama mdogo, Dada Kopi mwenyewe, wote hatukuliona dirisha. Aliliona mtu aliyekuwa na mkono kwenye mtungi.

"Ana kibiriti mfukoni?" nikauliza.

"Alikitoa akakiweka hapa akitafuta kalamu. Nikamwambia we kaka, humu ndani kuna karatasi tupu, usiniletee moto. Akakifungua kunionyesha." Dada Kopi akaanza kucheka. "Kajaza vipande vya sponji. Anasema kuna wateja hawana sponji, na povu kwa kidole halikai vizuri."

Nilitaka kukimbia dukani. Miguu ilikuwa imeshaanza.

"Unaenda wapi?" akaniuliza. "Mtu anasubiri mia mbili. Na usisahau kumwambia shemeji yako kwamba leo nyusi zilikuwa sawa. Zote mbili, mstari mmoja."

Akanisogezea kiti na kalamu nyeusi. Nikakaa. Nikakaa muda mrefu, hata kinyozi wa jirani alichungulia kuona nani huyo. Nikachukua kadi mpya, nikaandika ya kwanza: "Fungua dirisha. Ukishafungua, geuza."